Tulivyokuwa Tukishukia kwenye Jengo la Vioo

Niseme mwenyewe kabla mama hajanisemea: ni mimi niliyechukua simu yake akiwa anaoga, nikaingia kwenye grupu ya ushirika wa kanisa, nikaandika kana kwamba ni yeye: "Wapendwa, Jumamosi hii ushirika uwe kwangu. Karibuni nyote." Nikaweka anwani yetu kamili, jina la barabara, namba ya jengo, mpaka ghorofa. Nikamalizia na vile vimikono vya kuomba, maana mama hatumi ujumbe bila vimikono, hata akiuliza bei ya vitunguu. Kabla hajafunga maji, amina zilikuwa zimeanza kumiminika.

Najua unawaza, sasa hapo kosa liko wapi? Kijana amealika watu wa Mungu. Apewe soda.

Ngoja. Ushirika wetu ni hivi: Wakenya wa kanisa letu hapa Marekani hukutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Wanaimba, wanaomba, halafu wanakula mpaka mtu anafungua kifungo cha suruali akidhani hakuna anayemwona. Mwezi huu ni Columbia Heights, mwezi ujao ni Bloomington, inazunguka hivyo. Imefika kwa kila mtu isipokuwa kwetu. Zamu yetu ikikaribia, mama anapata shifti. Kuna watu mwili wao haupatani na karanga. Wa mama haukupatana na wageni, na dawa yake ilikuwa shifti.

Sababu ni kwamba tunakaa nyumba ya jiji. Ni ghorofa refu la rangi ya kahawia hapa Minneapolis, mali ya jiji lenyewe, unalipa kodi kulingana na kile unachopata. Wapangaji wengi ni wazee wanaoishi peke yao. Ndani ya lifti kila mtu anatazama namba za juu ya mlango kana kwamba zitasoma habari. Sisi tuko ya kumi na moja. Bibi yangu, aliye Nairobi, anajua tunakaa ghorofa ya kumi na moja kwenye jengo lenye lifti, na hapo mama hajasema uongo hata kidogo.

Uongo wenyewe ulikuwa kanisani, na ulianza kwa adabu. Majira ya baridi ya kwanza, mzee mmoja wa kanisa na mkewe, ambaye mimi namwita Anti, walijitolea kuturudisha nyumbani na gari lao. Tulipokaribia, mama akaona jengo moja jipya, zuri, la vioo toka chini mpaka juu, mitaa miwili hivi kabla ya kwetu. Akasema, "Hapa tu panatosha, Mungu awabariki." Hesabu yake ilikuwa gari liondoke, nasi tumalizie kwa miguu. Lakini wewe unamjua Mkenya aliyelelewa vizuri. Haondoi gari mpaka akuone umeingia ndani. Mzee akabaki pale, injini inanguruma, taa zimetumulika mgongoni kama wezi. Ikabidi tuingie.

Tuliingia pale katikati ya milango miwili, ule wa nje usiofungwa na ule wa ndani unaotaka ufunguo. Mama akafungua mkoba, akaanza kutafuta funguo. Alitafuta funguo ambazo hazijawahi kutengenezwa. Alitoa lipstiki, leso, Agano Jipya dogo, na tiketi kuukuu ya treni. Mlinzi wa jengo, aliyekaa ndani, alitutazama kupitia kioo, akatupungia mkono kwamba hapana, hakuna aliyeagiza chakula. Gari likaondoka. Tukatoka, tukatembea kwenda nyumbani kwenye ile baridi inayogandisha nywele za pua.

Basi ikawa kila Jumapili. Mpaka nikamwambia mama tununue jiko la gesi tuweke pale katikati ya milango, angalau tuwe tunachemsha chai. Hakucheka. Mama alikuwa mchekaji. Kicheko kilibaki Nairobi pamoja na mizigo iliyozidi kilo.

Shuleni mimi ndiye wa kuchekesha. Naweza kumwigiza mwalimu wa hesabu mpaka mwalimu wa hesabu mwenyewe acheke. Lakini kengele ya mwisho ikilia, napanda basi, nafika nyumbani, na mama ameshaondoka kwenda Bloomington, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anaogesha baba za watu na mama za watu mpaka usiku. Mimi nakuta chakula kimefunikwa na sahani, na sauti yake kwenye simu: "Umekula? Umefunga mlango? Usifungulie mtu." Mtu gani, mama? Tangu tuhamie, mlango wetu umegongwa na fundi wa bomba na mtu aliyekosea ghorofa. Kuna siku nilimwigiza mwalimu wa hesabu mbele ya maikrowevu. Ilisema ti-ti-ti. Nikachukulia imecheka.

Sasa, mwalimu wa historia akatupa kazi: kila mtu achague mji, aeleze jinsi ulivyowapa watu wake makazi. Mimi nilichagua Vienna kwa sababu ya kisomi kabisa, yaani picha. Ilikuwa picha ya kale, watoto wamejaa kwenye kidimbwi cha kuogelea katikati ya ua, na pande zote maghorofa. Nikasoma maelezo chini, nikakuta hayo maghorofa ni nyumba za jiji. Nikarudi kwenye picha. Wale watoto walikuwa wanacheka, na hakuna aliyeonekana kumficha mtu chochote.

Nikaanza kusoma, na mimi si msomaji. Nikajua kwamba zamani wafanyakazi wa Vienna walibanana vibaya mno, wengine wanakodi kitanda tu: wewe unatoka kwenda kazini, mwenzako anaingia kulala kwenye joto lako. Baada ya vita kuu ya kwanza, jiji likaamua litajenga lenyewe. Likawatoza kodi matajiri, kodi ya nyumba, ya watumishi wa ndani, hata ya farasi wa mbio. Pesa hizo zikajenga majumba makubwa, moja lina urefu unaopita kilomita, yenye maji ndani, madirisha mapana, mahali pa kufulia, maktaba, shule za watoto wadogo. Na kwako huingii moja kwa moja kutoka barabarani. Unapita kwanza uani, kila mtu anakuona, unamsalimu, ndipo unapanda ngazi. Walipomaliza jengo waliandika ukutani, kwa herufi kubwa nyekundu, kwamba limejengwa na jiji kwa kodi ya nyumba. Nyekundu! Juu ya mlango! Kama mtu aliyefaulu mtihani.

Baadaye mambo yaliharibika kule, jeshi likayapiga mizinga baadhi ya majengo hayo watu wakiwa wamejihami ndani. Lakini yalitengenezwa, na mpaka leo watu wanakaa humo, na jiji bado linajenga. Dereva wa tramu yumo, na anayepata mshahara mkubwa yumo, kwa sababu ukipata kazi nzuri hawakufukuzi.

Siku moja mama akiwa hana zamu, nilimsomea yote hayo. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini.

"Kodi ya farasi?" akauliza.

"Na ya mboch pia. Ukiajiri wa kukupikia, unalipa."

"Hao walikuwa na akili." Akageuza sare upande wa pili. "Hizo ni nyumba za kanjo, baba. Unanisomea mambo ya kanjo."

Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Na kanjo, kwa asiyejua, ni baraza la jiji la Nairobi. Mama amezaliwa kwenye nyumba za kanjo, chumba kimoja, bomba la maji moja kwa mstari mzima wa nyumba. Nikamwambia anisimulie. Mara akaanza, hata pasi akaisahau: jinsi walivyopanga madebe foleni alfajiri, jinsi mama mmoja alivyokuwa na televisheni na watoto wote wakakaa sakafuni kwake mpaka awafukuze na ufagio, jinsi babu yangu alivyojua nani amefiwa na nani amepata mtoto kabla hajavua viatu.

"Ulikuwa unaona haya?" nikauliza.

"Ya nini? Kila mtu alikuwa kwa kanjo." Harufu ya kuungua ikapanda, akainua pasi haraka. "Haya ni mpaka uwe peke yako."

Halafu akatazama nje. Dirisha letu la jikoni linaliona lile jengo la vioo vizuri kuliko wanavyojiona wanaokaa ndani. Nikamwona anavyolitazama, na hapo ndipo ule upuuzi ukaniingia kichwani. Kesho yake alipoenda kuoga, nilichukua simu.

Nilitegemea kelele. Mama akikasirika kikawaida unaweza kumsikia ukiwa kwenye lifti. Safari hii alitoka bafuni, taulo kichwani, akasoma grupu yote kuanzia juu mpaka chini, akaweka simu kifudifudi mezani.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimetuma mwaliko."

"Na anwani?"

"Na anwani."

"Unajua nitakuwa nani kwa hao watu wakija hapa? Nitakuwa yule wa kuombewa. Kila Jumapili, tumwombee dada yetu. Watanishika kichwa."

"Futa basi."

"Nifute watu?" akasema, na hapo sauti ikapanda kidogo. "Mtu ameshasema amina, unamfutaje?"

Ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni akishaitwa haitwi tena kinyumenyume. Kwa hiyo mama aliomba mtu wa kushika zamu yake ya Jumamosi, akanunua unga, akanunua nyama, na juma zima hakunisemesha ila kwa vitenzi: kula, fagia, lala. Nami sikuigusa tena simu yake. Si kwamba nilipata adabu. Alikuwa anatembea nayo kwenye sidiria.

Jumamosi asubuhi alisukuma chapati. Zilipangwa kwenye kitambaa, zinapanda juu, zinapanda juu, mpaka ule mnara ukafanana na jengo letu. Mimi nilikata karatasi nyekundu za mradi wa shule, nikashuka, nikabandika kwenye kioo cha mlango wa chini, herufi kubwa kama za Vienna: KARIBUNI. NYUMBA HII IMEJENGWA NA JIJI KWA KODI ZA WATU WAKE. Nilirudi juu najiona msanifu majengo. Mama alikuwa amevaa lile gauni la kitenge analoliweka kwa harusi, na alikuwa amesimama dirishani.

Saa ya wageni ikafika. Hakuna mtu. Nikamwambia ni Wakenya, wape muda. Tukawapa muda.

Ndipo nikaona mama ameshika ukingo wa sinki. Nikaenda nikachungulia. Chini kule, mbele ya lile jengo la vioo, magari yalikuwa yamepanga mstari, la mzee wa kanisa likiwa la kwanza. Watu wetu walikuwa wanashuka. Niliwatambua kwa makoti. Kina mama wamebeba sufuria zilizofungwa kwa leso. Mtu mmoja amekumbatia kinanda kilichoviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Waliingia pale katikati ya milango, pale petu kabisa, hata hawakutosha, wengine wakabaki nje wanarukaruka kwa baridi. Mlinzi alitoka, akatikisa kichwa. Walirudi nyuma, wakatazama juu kwenye vioo. Anti akaanza kupungia mkono dirisha fulani la juu. Sijui aliona nani.

Simu ikaanza kutetemeka mezani kando ya chapati.

"Mama, wamekosea. Niende niwaite?"

"Keti."

"Nakimbia tu, dakika moja—"

"Nimesema keti."

Nilikuwa nimeshashika viatu. Nilibaki navyo mkononi. Simu ilitetemeka mpaka ikasogea yenyewe, ikagonga bakuli la kachumbari, ikanyamaza, ikaanza tena. Mama hakuitazama. Alikuwa na unga kwenye viganja vyote viwili, na alivishika mbali na gauni, kama mtu anayesubiri kufungwa pingu.

"Waambie basi uko shifti," nikasema. Ulikuwa mzaha. Nimefanya mizaha mingi maishani, mingine mbele ya mkuu wa shule, lakini ule ndio peke yake ninaotamani niumeze.

Gari la kwanza likaondoka. Halafu mengine, moja moja. La mzee likabaki la mwisho, taa zinawaka, kama kawaida yake ya kungoja mpaka auone mlango umefungwa nyuma yetu. Lilingoja sana. Kisha nalo likakata kona.

Mama akanawa mikono. Akafunika nyama, akafunika wali, akafunika chapati. Simu ilikuwa pale pale, nami nikaitazama kwa jicho la pembeni, kisha kwa macho yote. Kwenye grupu, tangu asubuhi, Anti alikuwa ameandika: "Kwa sista tunapajua, sisi ndio huwashusha. Hiyo namba ameandika kwa haraka tu, msihangaike nayo. Fuateni gari letu." Na chini yake mama alikuwa amejibu: "Asanteni. Karibuni sana." Na vimikono.

"Ulikuwa unajua wataenda kule?"

"Nilijua."

"Na ukapika?"

"Wageni wakija hupikiwa."

"Lakini hawangefika, mama."

Akavuta kiti, akakaa, gauni la harusi na yote. "Nilisema nikimaliza kachumbari nitawaandikia. Kisha ikaisha, nikasema nikimaliza chapati." Akasugua kidole kilichobaki na unga. "Kula, baba. Chakula kinapoa."

Tulikula tukiwa wawili kwenye viti tulivyoazima kutoka chumba cha mikutano cha chini, viti kila upande, vimetuzunguka kama wageni wakimya. Nilikula chapati mpaka nikaumia, nikidhani mnara ukipungua mama atajisikia afadhali. Haukupungua.

Tulipomaliza akasema, "Shuka ubandue zile karatasi zako."

Nikashuka. Pale chini kuna mzungu mmoja mzee sana, ana kimashine cha oksijeni chenye magurudumu anachokivuta kama mbwa, na hukaa kwenye benchi anaangalia barabara. Sijawahi kuongea naye. Akaniuliza zile herufi zinasemaje. Nikamwambia. Akazitazama tena.

"Na sherehe iko wapi?"

"Imehama."

Akavuta pumzi kwenye kile kimashine. Akaniambia niziache. Kwenye mlango ule, alisema, kila karatasi anayoisoma inamkataza kitu: usivute sigara, usiache godoro kwenye korido, usifungulie usiyemjua. Hii ndiyo ya kwanza isiyomkataza. Nikaziacha. Nikarudi juu, nikamsaidia mama kuosha sufuria.

Jumapili tukazipita zile karatasi mlangoni, tukaenda kanisani kwa basi, kama kawaida. Baada ya ibada Anti akatukuta mlangoni.

"Sista, jana mlitufanya nini? Tumekaa nje mpaka pilau ikashikana kama barafu!"

"Poleni," mama akasema. "Poleni sana."

"Ulikuwa mgonjwa?"

Jibu lilikuwa hapo, limeshapikwa, limepakuliwa. Ilikuwa ni kulichukua tu. Mama akarekebisha kitambaa cha kichwani. "Sikuwa mgonjwa," akasema. Anti akamtazama, akamtazama mumewe. Mzee akakohoa, akasema haya, twendeni kwa gari, theluji inaanza.

Ndani ya gari Anti hakuimba. Kawaida huimba njia nzima. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, magoti kifuani, naona kisogo cha mama na theluji inavyoshuka mbele ya kioo. Tukapita barabara zote tunazozijua. Lile jengo la vioo likatokea mbele, linang'aa, halina habari na mtu. Mzee akawasha ile taa ya kuonyesha anaegesha, ti-ti-ti, akaanza kusogea pembeni. Nami, kwa mazoea, nikavaa glavu, nikaanza kujiandaa kwa maigizo yetu ya funguo.

Mama akainama mbele, akashika kiti cha mzee.

"Usisimame hapa, mzee. Pita hii taa, kata kulia, ni lile ghorofa la kahawia la jiji, lenye karatasi nyekundu mlangoni. Ndiko tunakaa, tangu tuje. Na leo msitumulike na taa halafu muende. Zima gari mpande juu, hizo chapati haziwezi kuliwa na watu wawili."